Cairo isiyo ya Misri, mito miwili mikubwa na watu 1,733

Kila nikiuliza darasani Cairo iko wapi naambiwa Misri, sawa kabisa, ila leo naomba tuongelee ile nyingine, iko Marekani, jimbo la Illinois, kule kusini kwenye ncha ya mwisho kabisa ya jimbo. Na ukienda usiseme Kairo, watajua we mgeni, wenyewe wanatamka Kero, vilevile kama tunavyosema kero ya maji.

Fungua ramani kwenye simu halafu uizumu. Utaona ulimi mwembamba wa ardhi, kulia mto Ohio, kushoto Mississippi, na ulimi unapoishia ndo mito inakutana. Ukisimama pale nchani, panaitwa Fort Defiance, unaona maji mawili kwa macho yako, ya Mississippi ya kahawia yenye tope na ya Ohio yenye rangi nyingine, yanatembea bega kwa bega mwendo mrefu ndo yanachanganyika. Na kitu ambacho napenda watu wakijue, hapo kwa wastani Ohio inaleta maji mengi kuliko Mississippi yenyewe, ila kuanzia hapo jina linaloendelea mpaka baharini ni la Mississippi.

Jina la mji lilikuja 1818, mfanyabiashara John Comegys na wenzake walipata kibali cha kuanzisha mji na benki hapo, wakaona mto mkubwa, ardhi tambarare, mafuriko ya kila mara, wakafikiria Nile. Comegys akafariki na mpango ukalala, ukaja kufufuliwa 1837 na watu wengine, jina likabaki. Ukanda wote ule wa kusini mpaka leo wanauita Misri Ndogo na kuna vimji jirani vinaitwa Thebes na Karnak.

Sasa watu. Sensa ya 1920 ilihesabu watu 15,203, ya 2020 ikahesabu 1,733, yaani kwenye kila watu 9 kabaki kama 1. Jibu ambalo wengi wanakimbilia ni mafuriko. Hapana. Mji umezungushiwa tuta, hata barabara ya kuingilia kaskazini ina geti kubwa la chuma ambalo maji yakizidi linashushwa. Mei 2011 mto ulipanda ukapita futi 61 kwenye kipimo cha Cairo, kikosi cha uhandisi cha jeshi kikalipua tuta la Birds Point ng'ambo kule Missouri ili maji yapate pa kwenda, ekari kama 130,000 za mashamba zikazama na kijiji cha watu weusi cha Pinhook kikaharibika chote. Cairo ikasalimika, wenzao wakalipa.

Kilichoondoa watu ni vitu viwili. Kwanza usafiri ulibadilika, zamani mabehewa ya treni yalivushwa kwa pantoni kwa hiyo mzigo lazima usimame hapo, watu wapate chakula, walale, wapakue, lakini daraja la reli lilipojengwa 1889 treni zikawa zinapita juu kwa juu, baadae na barabara kuu nayo ikapita pembeni.

Pili, na hili naliona zito zaidi, ni ubaguzi. Mwaka 1909 umati ulimuua Will James, mtu mweusi, hadharani barabarani bila kesi yoyote. Mwaka 1962 vijana akiwemo John Lewis, mwanaharakati wa haki za watu weusi, waliandamana kudai bwawa la kuogelea la wazungu tu liwe la wote, likafungwa, na baadae likajazwa zege. Julai 1967 askari kijana mweusi, Robert Hunt, alikutwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi, polisi wakasema kajinyonga, watu weusi wakakataa, mji ukawaka. Mwaka 1969 wakaanza kususia maduka ambayo yanachukua hela yao ila hayawaajiri, na kuna wenye maduka waliona bora wafunge kuliko kumuweka mtu mweusi kaunta. Angalia sensa sasa, 1960 watu 9,348, 1970 watu 6,277, thuluthi nzima imeondoka ndani ya miaka 10 na hakuna mto uliowafukuza.

Ukipita Commercial Avenue leo utaona viwanja vitupu palipokuwa na maghorofa ya matofali, majani yameota mpaka kwenye ukingo wa njia ya miguu. Matishari ya nafaka na makaa ya mawe bado yanapishana mtoni hapo usiku na mchana, yanapangwa na kufungwa upya palepale kwenye makutano. Kazi ipo mtoni, mji hauipati. Halafu 2017 serikali kuu ikatangaza kufunga mitaa miwili ya nyumba za umma iliyochakaa, Elmwood na McBride, familia zikapewa vocha zikatafute nyumba, na kwa vile Cairo nyumba za kupanga hazikuwepo za kutosha, wengi wakafunga mizigo wakahamia miji mingine, watoto wakatoka shuleni na wazazi wao, na miaka mitatu baadae makarani wa sensa wakapita wakahesabu 1,733.