Kitufe cha Kalibresheni Hakifanyi Unachodhani: Dhana Potofu Kuhusu Mita za Wati za Baiskeli

Dhana: Nimebonyeza kitufe cha kalibresheni, kwa hiyo mita yangu inasoma sahihi.

Mita ya wati ni kifaa kinachopima nguvu unayotoa unapoendesha baiskeli, na dhana hii ndiyo inayozaa nyingine nyingi. Kitufe kile cha kwenye kompyuta ya baiskeli huiambia mita jambo moja tu: sasa hivi hakuna anayekanyaga, kwa hiyo sifuri iko hapa. Mizani ikisoma sifuri ikiwa tupu, bado hujathibitisha kwamba kilo yake ni kilo.

Ndani ya krenki (mkono unaoshika pedeli), pedeli yenyewe au habu (kitovu cha gurudumu la nyuma), kutegemea aina ya mita, mna vihisi vidogo vilivyobandikwa kwenye chuma. Ukikanyaga, chuma hupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, ukinzani wa umeme wa vihisi hubadilika, na mita hutafsiri badiliko hilo kuwa nguvu ya kuzungusha katika nyutonimita. Izidishe kwa kasi ya mzunguko, unapata wati. Kosa basi lina maficho mawili: sifuri yenyewe, na uwiano unaotumika kutafsiri. Kitufe hugusa sifuri tu. Uwiano huwekwa kiwandani, na kuuhakiki kunahitaji uzito.

Funga breki ya nyuma kwa nguvu ili gurudumu lisizunguke, laza krenki ielekee mbele sambamba na ardhi, sawazisha sifuri kwa kile kitufe, kisha ning'iniza kilo 20 kwenye ekseli ya pedeli. Kwa krenki ya milimita 172.5, hesabu ni 20 × 9.81 × 0.1725, yaani nyutonimita 33.8. Mita ikisema 33.1, inapunja kwa takriban asilimia 2. Ila upime kwanza huo uzito kwa mizani unayoiamini, maana chuma cha mazoezi kilichoandikwa 20 si lazima kiwe na kilo 20. Mita za SRM, kampuni iliyoanzishwa na mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer mwaka 1986, humruhusu mtumiaji kuingiza uwiano mpya mwenyewe. Mita nyingine hazitoi nafasi hiyo, nami naona ni kasoro ya kuulizia kabla ya kununua.

Makosa hayo mawili yana tabia tofauti. Sifuri ikihama kwa nyutonimita 1, basi kwa mizunguko 90 kwa dakika unakosea wati 9 hivi, uwe unatoa wati 100 au 400. Uwiano ukikosea kwa asilimia 2, ni wati 2 kwenye 100 na wati 8 kwenye 400. Kwa hiyo ukilinganisha mita mbili kwa kasi ileile ya miguu na pengo likabaki palepale, shuku sifuri. Pengo likikua kadiri unavyokaza, shuku uwiano.

Dhana: Mita mbili zikitofautiana, moja ni mbovu.

Si lazima. Mita yenye ahadi ya asilimia 2 juu au chini inaruhusiwa kusoma kati ya 245 na 255 unapotoa wati 250. Mbili za aina hiyo zinaweza kupishana kwa wati 10 bila hata moja kuvunja ahadi. Isitoshe, pedeli na krenki hupima kabla ya mnyororo. Habu hupima baada yake. Mnyororo na gia hula asilimia 2 hadi 4 hivi, kwa hiyo 250 kwenye pedeli na 243 kwenye habu ni hali ya kawaida kabisa. Cha kutilia shaka ni habu kusoma zaidi ya pedeli.

Dhana: Trena ya ndani ndiyo hakimu.

Trena, kile kifaa cha kufungia baiskeli ili ufanye mazoezi ndani ya nyumba, nayo ni mita tu, tena baadhi hukadiria badala ya kupima. Hata ukiiweka sawa kwa kuliachia gurudumu lake lipungue kasi lenyewe, hilo hukadiria msuguano wa ndani tu, basi.

Dhana: Mita ya mguu wa kushoto inatosha, miguu yote ni sawa.

Mguu wa kushoto ukitoa asilimia 52 ya wati 250, mita huona 130, huzidisha mara mbili na kukupa 260. Huwezi kupunguza 10 kwenye namba ya kila safari ukamaliza, kwa sababu mgawanyo huo hubadilika na uchovu na ukali wa zoezi.

Dhana: Usahihi si kitu, muhimu mita isiyumbe.

Kwa mwenye baiskeli moja na mita moja, nusu ya hoja hii ina mashiko. Siku atakapobadilisha mita, viwango vyake vyote vya mazoezi vitahama bila mwili kubadilika. Hata huko kutoyumba kunadai kazi: baiskeli iliyotoka ndani ya nyumba yenye joto iachwe nje dakika 10 au 15 izoee joto la nje kabla ya kusawazisha sifuri, na urefu wa krenki uingizwe sawasawa. Kwenye mita za pedeli, kuandika 175 badala ya 172.5 huongeza asilimia 1.4.

Unapolinganisha mita mbili, zirekodi kwenye kompyuta mbili za baiskeli, oanisha saa zake, kisha tumia wastani wa dakika kadhaa kwa viwango tofauti vya wati. Kilele cha sekunde moja kiache: kila kifaa hulainisha namba zinazorukaruka kwa namna yake.