Macho ya bibi: operesheni moja, namba tatu

"Bibi, shikamoo." "Marahaba mwanangu, hujambo?" "Sijambo bibi, unaendeleaje?" "Mimi mzima, namshukuru Mungu."

Huyo bibi mzima ana mtoto wa jicho macho yote mawili, magoti hayamruhusu kuinuka bila kushikwa, na pale mkekani kaletwa na binti yake akimuongoza mkono. Nikatoa dodoso langu nikaanza kumsomea maswali matano. Kutembea? Kwa shida. Kuoga na kuvaa? Shida kiasi, anasaidiwa. Shughuli za kawaida? "Sina shida. Shughuli zenyewe sina, wanafanya watoto." Maumivu? Ya wastani, magoti hayo. Wasiwasi au huzuni? "Wa nini mwanangu, nimezaa, nimezika, sasa nasubiri zamu yangu." Mwisho kuna kile kipimajoto cha 0 mpaka 100, 100 ni afya bora kabisa unayoweza kuifikiria, nikamuelezea kwa mdomo maana haoni, akasema niandikie mia. Nikaandika 100, binti yake kule nyuma akanikodolea macho.

Mimi ni mchumi wa afya. Watu wakisikia hivyo wanadhani nauza bima au nakagua mahesabu ya hospitali, wala. Kazi yangu ni kujibu swali moja tu, hela tukiiweka kwenye matibabu haya inanunua afya kiasi gani, na je tungeiweka kwingine ingenunua zaidi? Upande wa hela sio mgumu sana, kuna risiti, kuna mishahara, kuna bei ya dawa. Mziki uko upande wa pili, huo wa "afya kiasi gani".

Ukisema uhesabu vifo tu, operesheni ya mtoto wa jicho faida yake ni sifuri, kwa sababu mtoto wa jicho hauui. Ukisema kila ugonjwa uhesabiwe kwa kipimo chake, presha kwa namba za mashine, macho kwa mistari ya ile chati ya ukutani, kifua kikuu kwa waliopona, basi huwezi kulinganisha chochote na chochote, na waziri mwenye bajeti moja anabaki anachagua kwa kelele za mwenye sauti kubwa. Ndo maana ikatafutwa sarafu moja ya afya, ambayo magonjwa yote yatabadilishwa kuingia humo.

Sarafu ya kwanza ni QALY, sisi tunaitamka "kwali", kama kwale aliyekosewa jina. Ni mwaka wa maisha uliozidishwa na ubora wake. Mwaka wa afya kamili ni 1, kifo ni 0, mwaka wa hali ya katikati ni 0.6 au 0.8 au kitu kama hicho. Ukiishi miaka 10 kwenye 0.6 una QALY 6, tukikupandisha hadi 0.8 unapata 8, faida ni 2. Hesabu ya darasa la tano.

Sasa hiyo 0.6 inatoka wapi?

Dodoso nililomsomea bibi linaitwa EQ-5D, ni la kundi la EuroQol lililoanza mwaka 1987 huko Ulaya. Maswali matano, na kwenye toleo la zamani kila swali lina majibu matatu, hivyo jumla zinapatikana hali 243 za afya (toleo jipya lina majibu matano kwa kila swali, hali 3,125). Kila hali ina thamani yake kwenye jedwali, na thamani hizo wanazitoa watu wa kawaida, sio madaktari. Uingereza mwaka 1993 waliwahoji watu karibu 3,000, swali lenyewe lilikuwa kama hivi: fikiria utaishi miaka 10 ukiwa na hali hii halafu ufe, je ungekubali kupewa miaka pungufu ya hiyo 10 lakini ya afya kamili? Mingapi? Ukisema miaka 6 inakutosha, basi hali hiyo kwako ni 0.6. Hali mbaya kuliko zote ikatoka -0.594, yaani waliohojiwa waliona heri kufa.

Nishawahi kulijaribu swali hilo kwa Kiswahili. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, katulia kabisa, kisha akaniuliza, "Kijana, huo mkataba anasaini nani, wewe au Mungu?" Sikuwa na jibu na sidhani kama lipo. Kwa hiyo ukikuta mtu kakataa katakata kupunguza hata siku moja, usikimbilie kuandika kwamba hakuelewa. Kaelewa vizuri sana.

Kwa Afrika Zimbabwe ndo walitangulia kutengeneza jedwali lao, miaka ya baadaye wakaja Ethiopia na Uganda. Kwenye tafiti za huku tumekuwa tukiazima, mara la Zimbabwe mara la Uingereza, na ukiazima jedwali umeazima na mioyo ya watu waliohojiwa. Nikimweka bibi kwenye jedwali lile la Waingereza anapata 0.623. Kumbuka mwenyewe kajipa 100, ila ile ya kipimajoto haiingii kwenye QALY kabisa, zinazoingia ni yale majibu matano.

Tuseme tukamfanyia operesheni akaona, na ataishi miaka 10 mingine. Magoti yako palepale, kwa hiyo kutembea bado shida, maumivu yapo, shughuli alishasema hana. Kitakachobadilika ni kuoga na kuvaa, atafanya mwenyewe. Jedwali linampandisha hadi 0.727. Faida ni 0.104 kwa mwaka, miaka 10 ni QALY 1.04. Umemtoa mtu gizani na dodoso limeona kajifunga kanga mwenyewe, basi! Kati ya yale maswali matano hakuna hata moja linalouliza kuhusu macho, wala masikio. Wakanada wana kipimo chao kinaitwa HUI ambacho kuona na kusikia vimo, lakini EQ-5D ndo imeshika soko, NICE, taasisi inayoishauri serikali ya Uingereza matibabu yapi yanafaa kulipiwa, yenyewe ndo inayoitaka.

Sarafu ya pili ni DALY, ambayo inahesabu kinyume, sio afya uliyoipata ila uliyoipoteza. Ilijulikana na ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993, kina Christopher Murray na Alan Lopez ndo walioijenga. Hapa 0 ni afya kamili na 1 ni sawa na kufa. Mwanzoni uzito wa kila ugonjwa walikaa wataalamu wakaupanga, na upofu wakaupa 0.6. Kwa bibi yetu miaka 10 ya kuona ni DALY 6 zilizookolewa.

Watu wakalalamika, kwa haki, kwamba wataalamu wachache hawawezi kuisemea dunia nzima. Kwenye awamu ya mwaka 2010 ya utafiti wa mzigo wa magonjwa duniani, ule unaotumia hizo DALY, ikabidi waulizwe wananchi nyumba kwa nyumba, Bangladesh, Indonesia, Peru na Tanzania, Marekani wakapigiwa simu, na wengine wakajibu kwenye intaneti. Na Tanzania yenyewe ilikuwa Pemba! Kwa hiyo namba zinazotumika dunia nzima kupima mzigo wa magonjwa zina majibu ya Wapemba ndani yake, jambo ambalo huwa nalisema kwenye mikutano kwa kujidai kidogo. Mtu alikuwa anasomewa maelezo mafupi ya watu wawili wenye shida tofauti kisha anaulizwa, nani kati yao ana afya zaidi?

Upofu ukashuka kutoka 0.6 mpaka 0.195.

Wataalamu wa macho walichachamaa. Mimi sikushangaa, maana jaribu kumuuliza mtu yeyote mtaani kwenu kama fulani kipofu ana afya. Atakwambia mbona mzima yule, haumwi, macho tu. Kwetu afya ni kutoumwa. Swali liliuliza afya, halikuuliza maisha yamekuwa magumu kiasi gani, na watu wakajibu walichoulizwa. Kwa viziwi ilikuwa kali zaidi. Asiyesikia kabisa alipata 0.033, karibu na bure, kwa sababu maelezo yalisema hasikii hata sauti kubwa na yakaishia hapo. Awamu ya 2013 maelezo yakaandikwa upya, yakaongezwa kwamba hawezi kuongea na watu wala kutumia simu, na mara nyingi anapata wasiwasi au upweke. Ikaruka hadi 0.215. Masikio ni yaleyale, kilichoongezeka ni maneno. Ndo maana nikiletewa dodoso lililotafsiriwa usiku mmoja na mtu mwenye haraka huwa nalirudisha, hata nikionekana mkorofi.

Rudi kwa bibi. Kwa 0.195, miaka 10 ya kuona ni DALY 1.95. Chukua operesheni, kwa mfano tu, ni Sh 300,000. Kwa uzito wa zamani kila DALY umeinunua Sh 50,000, kwa uzito mpya karibu Sh 154,000, na kwa QALY za Waingereza ni karibu Sh 288,000. Mgonjwa ni yuleyule na hela ni ileile. Na hapo sijagusa ile kanuni ya kupunguza thamani ya afya ya baadaye kwa asilimia 3 kila mwaka, ambayo mwaka wa 20 unabaki 0.55 tu, wala sijagusa ubishi wa bei ipi ndo "nafuu". Zamani tulikuwa tunachukua pato la taifa kwa kila mtu, mara 1 mpaka mara 3, gharama ya DALY moja ikiwa chini ya hapo umepita, mpaka wataalamu wa WHO wenyewe mwaka 2016 wakaandika kwamba isitumike peke yake kuamua. Bado naikuta kwenye ripoti mpya, watu wanapenda mstari uliochorwa tayari.

Hizi namba sizitupi, kwa sababu najua kikao kisichokuwa nazo kinavyoamua. Ila siku hizi nikiandika ripoti sitoi namba moja, naweka zote, na chini ya kila moja naandika nani aliulizwa na aliulizwa nini.

Siku ile nilipokuwa nafunga begi, binti wa bibi akanisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa na genge lake la mboga, alilifunga mwaka uliopita kwa sababu mama hawezi kuachwa peke yake. Akaniuliza, "Kaka, na mimi sina fomu?" Nikafungua begi nikapekua makaratasi, kama vile naweza kuikuta.