Je, wajua kwa nini watazama ndege wa Watamu huulizana kwanza "maji yalikuwaje?"

Mtu akituma habari kwamba kuna ndege mgeni adimu kaonekana hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu pale Watamu, pwani ya Kenya, watu wanamrudishia swali moja, maji yalikuwaje? Kama hujazoea utadhani wanaongelea uvuvi, lakini usipojua maji pale utaona vidoa tu kwa mbali.

Iko hivi. Kuanzia Agosti, Septemba, wanaanza kuingia ndege wa ufukweni kutoka Siberia na Asia ya Kati, na wengi wanakaa mpaka Aprili kaskazi ikiisha. Chakula chao kiko kwenye tope, minyoo, kaa wadogo, konokono. Maji yakipwa hori inabaki tope tupu, ndege wanatawanyika huko kila mmoja na riziki yake, na joto linapanda mpaka kwenye darubini kila kitu kinatetemeka. Sasa maji yakianza kujaa tope linapungua, wanasogezwa nyuma kidogo kidogo mpaka wanabanana wote kwenye kipande cha mchanga kando ya mikoko, na hapo ndipo watu wanapowangojea.

Na sio maji yoyote tu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huku kwetu yanapanda zaidi ya mita 3, kwa hiyo kipande kinachobaki ni kidogo na ndege wako karibu kabisa. Ukienda maji mafu, siku za mwezi nusu, tope halifunikwi lote, wataendelea kula hukohuko mbali.

Kubanana huko ndiko kunamtoa yule adimu, kwa sababu ndege hawa wanafanana mno. Kuna wawili wadogo wa mchangani, mmoja kamzidi mwenzake urefu wa mdomo na miguu kidogo tu, ukimuona peke yake mtabishana hadi jioni, wakisimama bega kwa bega tofauti unaiona papo hapo. Ndio maana wazoefu hawakimbilii kutafuta adimu, wanapitia kundi zima ndege mmoja mmoja, wakitafuta asiyefanana na wa ubavuni kwake.

Mimi ninayempenda kuliko wote ni ndege mla kaa, mweupe na mweusi, mdomo mnene. Huyu huzalia pwani za Uarabuni na Bahari ya Shamu, anachimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja kwa kawaida, mambo ambayo ndege wenzake wa ufukweni hawana kabisa, halafu anasafiri na kinda wake mpaka huku. Unaweza kumkuta kinda wa kijivu, mkubwa karibu sawa na mzazi, bado anamfuata nyuma akilia mpaka apewe kaa!

Kwa hiyo ukiona ndege usiyemjua, unapotuma andika na saa, na maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, bamvua au mafu, maana kesho yatajaa kama dakika 50 baadaye na mtu anayetoka Mombasa atapiga hesabu hiyo ajue apande matatu ya saa ngapi. Mpige picha akiruka pia, alama za mabawa na mkia zinamaliza mabishano mengi. Na kama ana pete au kibendera mguuni, andika rangi yake na ni mguu upi, watafiti waliomvisha ndio watakaosema alivishwa wapi na mwaka gani.