Je, wajua kwa nini bendera ya Sultani ilikaa Fort Jesus, ngome ya Mombasa, mpaka 1963?

Mwambie mtu Mombasa haikuwa koloni la Mwingereza uone atakavyokucheka, lakini kwenye makaratasi ndivyo ilivyokuwa. Mwingereza pale alikuwa mpangaji tu. Mwenye nyumba ni Sultani wa Zanzibar, kodi inalipwa kila mwaka na bendera yake nyekundu inapepea pale ngomeni mpaka Disemba 1963.

Sultani naye mji huo hakuuokota. Wareno walifika 1498, wakauchoma 1505, wakaanza kujenga ngome 1593, halafu Waomani wakaja kuizingira kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa mle ndani, na waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi mno. Kisha ukoo wa Mazrui, waliokuja kama maliwali wa Oman, wakajiona wenyewe ndio wenyewe na wakakataa kuutii ukoo wa Busaidi uliotawala Oman, ikabidi Sultani wao Seyyid Said awang'oe 1837. Si bure wengine husema jina la kisiwa, Mvita, limetokana na vita.

Haya, tufike kwenye kodi. 1886 Mwingereza na Mjerumani walikaa wakagawana bara, Sultani wakambakishia visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi tu, kuanzia karibu na mto Ruvuma mpaka Kipini, na vimji vichache kule kaskazini. Mjerumani upande wake aliununua kabisa 1890, akalipa kama pauni 200,000. Wa Mombasa ukakodishwa kwa kampuni ya Waingereza.

Hapa ndipo mi huwa nacheka. 1895 kampuni imefilisika, serikali ya Uingereza inataka kuichukua pwani, kampuni inadai ilipwe ndo iondoke, ikakubaliwa pauni 250,000, na unajua 200,000 zilitoka wapi? Kwenye zile hela za Sultani alizolipwa na Mjerumani! Yaani mpangaji kakopa kwa mwenye nyumba ili amlipe mpangaji aliyetangulia. Wakaandikiana kodi pauni 11,000 kwa mwaka, na riba ya ule mkopo 6,000, jumla 17,000.

Ndio maana 1920 bara ilipofanywa koloni, jina rasmi likawa Koloni na Himaya ya Kenya. Hiyo "himaya" ndo pwani yetu.

Uhuru ulipokaribia ikawa kizaazaa. Wako waliotaka Mwambao, yaani ukanda huo wa pwani, ujitegemee, wengine wakasema sisi ni Kenya basi, Wamijikenda wengi hawakutaka hata kusikia habari za Sultani. Tume ya Robertson ya 1961, iliyochunguza suala hilo, ikashauri pwani iungane na Kenya. Oktoba 1963 Kenyatta na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana, Sultani anaachia ukanda wote na Kenya inaahidi kulinda dini ya Waislamu, mahakama za kadhi na hati za ardhi za watu wa pwani. Wenye hati, lakini. Maskwota waliokuwa wakilima ardhi hiyo hiyo hawakuwa nazo, na kesi zao zinasikika mpaka leo.

Sultani Jamshid mwenyewe alipinduliwa 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya bendera yake kushushwa Mombasa. Ila kadhi hakuondoka, ukisoma katiba ya Kenya ya 2010 utamkuta kifungu cha 170.