Ndege ya kujijengea: maana yake na kanuni ya sehemu kubwa ya kazi

Ndege ya kujijengea ni ndege halisi, yenye uwezo wa kubeba watu, ambayo sehemu kubwa ya kazi ya kuiunda imefanywa na mtu binafsi au kikundi cha watu kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Watu wengi huielewa dhana hii kwa kutazama mahali, yaani gereji, banda la nyuma ya nyumba au chumba cha chini ya ardhi, lakini kisheria mahali hapana uzito. Ndege iliyojengwa na mwenyewe katika karakana ya kukodi iliyo mbali na kwake ni ya kujijengea, ilhali ndege iliyoundwa na mafundi wa kulipwa ndani ya gereji ya tajiri haihesabiwi hivyo, hata kama haikuwahi kutoka nje ya ua wake. Yanayoamua ni maswali mawili: nani aliyefanya kazi, na aliifanya kwa nia gani?

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Marekani, ambako ndege za aina hii zilizosajiliwa ni makumi ya maelfu. Kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo, FAA, huziweka katika kundi la ndege za majaribio, na masharti yake ni kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya kutengeneza vipande na kuviunganisha iwe imefanywa na watu walioingia katika kazi hiyo kwa ajili ya elimu au burudani yao tu. Wajenzi huiita kwa kifupi kanuni ya asilimia 51.

Kinachopimwa hapa ni kazi. Fedha zilizotumika haziingii katika hesabu, wala uzito wa vipande vilivyonunuliwa. Injini, propela, magurudumu, breki na vifaa vya kupimia mwendo na kimo hununuliwa vikiwa tayari, na hakuna mkaguzi anayeona hilo kuwa kasoro, kama vile mtu anayejijengea nyumba asivyotarajiwa kufua vitasa na bawaba. Kwa sababu hiyo yapo makampuni yanayouza seti za vipande. Mashuhuri kuliko yote ni Van's Aircraft ya Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo ndege zake za mfululizo wa RV zilizokwisha kuruka zimepita 11,000. Seti huja na mabati yaliyokatwa na mara nyingi kutobolewa tayari, pamoja na michoro na maelekezo. FAA huzipitia seti zinazopendekezwa na kuorodhesha zile zinazomwachia mjenzi zaidi ya nusu ya kazi, hata zile za bei kubwa ambazo kiwanda kimekwisha kuunganisha baadhi ya sehemu. Mjenzi anaruhusiwa kulipia msaada, lakini kazi iliyofanywa kwa malipo haihesabiwi upande wake.

Uhuru huu haukuja wenyewe. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Henri Mignet alichapisha maelekezo ya kujenga ndege ndogo aliyoiita Pou-du-Ciel, na watu wengi wa Ufaransa na Uingereza wakaanza kuijenga. Ajali za vifo zikafuata. Majaribio yaliyofanywa katika mitambo ya upepo yalionyesha kwamba mabawa yake mawili, moja likiwa mbele ya jingine, yaliingiliana kwa namna iliyoweza kumzuia rubani kuinyanyua pua ya ndege ikishaanza kupiga mbizi, nayo ikapigwa marufuku. Nchini Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili, rubani wa Oregon aitwaye George Bogardus aliruka mwaka 1947 kwa ndege ndogo ya kujijengea, Little Gee Bee, kutoka Oregon hadi mji mkuu, Washington, D.C., kuwathibitishia wakubwa wa usafiri wa anga kwamba ndege ya namna hiyo inaweza kuvuka bara kwa usalama. Kundi la kudumu la ndege za kujijengea liliingia katika kanuni mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake wakaanzisha huko Milwaukee chama cha EAA, ambacho hadi leo ndicho kinachowakutanisha wajenzi kila mwaka mjini Oshkosh, Wisconsin.

Maana ya dhana hii huonekana vizuri zaidi karakanani. Katika ndege ya alumini, kazi nyingi ni ya kupiga ribiti, yaani misumari mifupi isiyo na ncha ya kubana mabati pamoja, nazo huwa maelfu kwa ndege moja. Mabati ya ngozi ya bawa huwa na unene usiofika milimita moja, na kila tundu hutobolewa, husafishwa kingo zake, kisha bati hupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa. Usafishaji wa kingo ndio unaomchosha mgeni, na ndio asiopaswa kuuruka kabisa. Chembe kali inayoachwa na keekee ukingoni mwa tundu hukusanya mkazo mahali pamoja, na bati linalotikiswa na injini kwa mamia ya saa huanza kupasuka kutokea hapo hapo. Baada ya hapo watu wawili husimama pande mbili za bati: mmoja hugonga kichwa cha ribiti kwa nyundo ya hewa, na mwenzake hushikilia kipande kizito cha chuma upande wa nyuma ili mkia wa ribiti ujikunje na kutanuka. Mkia uliokaa sawa hutanuka kufikia mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti, na kimo chake hubaki nusu ya kipenyo hicho. Ribiti iliyokaa vibaya huchimbwa na kuwekwa nyingine. Wajenzi wengi huanzia mkia, kwa kuwa ni sehemu ndogo yenye karibu kila aina ya kazi itakayokutwa kwenye mabawa na kiwiliwili, na kosa lililofanyika hapo hugharimu bati dogo tu.

Ndege nzima huhitaji kwa kawaida zaidi ya saa 1,000 za kazi, na nyingi hupita 2,000. Kwa mtu mwenye ajira na familia, hiyo ni kazi ya miaka, na miradi mingi hubadilisha mikono kabla haijakamilika.

Mjenzi huweka daftari la kumbukumbu lenye tarehe, maelezo na picha za kila hatua. Daftari hilo lina kazi mbili, na zote ni nzito. Kwanza, ndilo linalothibitisha kwamba zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa yake. Pili, mkaguzi anayekuja mwishoni hawezi kuona ndani ya bawa lililokwisha kufungwa, kwa hiyo picha za sehemu hizo kabla ya kufungwa humsaidia kujua namna zilivyojengwa. Ndege ikipita ukaguzi hupewa cheti cha kuruka, lakini hupewa pamoja na masharti. Saa za mwanzo, ambazo kwa kawaida ni 25 au 40 kutegemea kama injini na propela ni jozi iliyothibitishwa rasmi, hurushwa ndani ya eneo lililopangwa bila abiria. Karibu na mlango huandikwa, kwa herufi zenye kimo cha inchi 2 hadi 6, kwamba hii ni ndege ya majaribio, na bango la ndani humwonya abiria kwamba haikidhi kanuni za usalama za ndege za kawaida. Kubeba watu au mizigo kwa malipo hakuruhusiwi kamwe. Haya yote ni ya Marekani. Anayefikiria kujenga akiwa Tanzania au Kenya hana budi kuanzia mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake, TCAA au KCAA, tena kabla ya kununua bati la kwanza.

Kwa upande mwingine, mjenzi mkuu anaweza kuomba cheti kinachomruhusu kuifanyia ndege yake mwenyewe ukaguzi wa kila mwaka. Hoja ya sheria ni kwamba aliyeiunda anaijua. Mimi naiona hoja hiyo kuwa kiini cha dhana nzima: serikali haidai uthibitisho wa kiwanda kwa sababu kuna mtu aliyepata ujuzi kwa mikono yake na anayewajibika kwa kila kiungo.

Ujuzi huo hauuziki pamoja na ndege. Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alikufa katika ghuba ya Monterey, California, akirusha ndege ya kujijengea aina ya Long-EZ aliyoinunua muda mfupi kabla. Mjenzi wake alikuwa ameiweka swichi ya kuchagua tangi la mafuta nyuma ya bega la kushoto la rubani, ilhali michoro ya Burt Rutan, mbunifu wa ndege hiyo, iliiweka katikati ya miguu. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipojigeuza kuifikia alikanyaga bila kukusudia kanyagio la kulia la usukani na ndege ikamtoka mikononi. Kwa mjenzi, mabadiliko yale yalikuwa jambo alilolijua; kwa mnunuzi, yalikuwa mazingira mapya angani. Ndiyo maana cheti cha ukaguzi hubaki kwa mjenzi na hakimfuati mmiliki mpya, ambaye kwa kawaida humtafuta fundi wa ndege mwenye leseni kila mwaka, na ndiyo maana mnunuzi makini huomba daftari la ujenzi na michoro ya awali, akavilinganisha na ndege yenyewe kipande kwa kipande kabla ya kulipa.