Bibi Moses hakuamka siku moja akawa mchoraji

Anapotajwa Anna Mary Robertson Moses, mkulima wa jimbo la New York ambaye Wamarekani walimwita Grandma Moses, hadithi huwa ni ileile: bikizee wa miaka 78 kashika brashi, na papo hapo kipaji kikalipuka. Ni tamu, ila imeruka maisha mazima.

Alizaliwa 1860. Utotoni alitia rangi michoro yake kwa maji ya zabibu na limau. Akiwa na miaka 12 alikwenda kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Akaolewa 1887, akazaa watoto kumi, na watano tu ndio waliopona. Mwaka 1918, akiwa anabandika karatasi za ukutani sebuleni, karatasi zilimwishia. Akachora mandhari kwenye ubao wa kuzibia meko. Mumewe alifariki 1927. Baadaye akawa anadarizi picha kwa nyuzi za sufu, mpaka baridi yabisi ikamfanya ashindwe kushika sindano, na dada yake akamshauri ajaribu brashi. Uzeeni alibadilisha chombo, basi, na akapata nafasi. Jicho la rangi alikuwa nalo zamani.

Wako wanaodhani kujifundisha mwenyewe ni kupaka ovyo kama mtoto. Bibi huyu alikuwa na utaratibu wake. Alichora kwenye hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa (hiyohiyo aliyokuja kuitumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam), akaipaka kwanza rangi nyeupe mara tatu, kisha akashuka kutoka juu kwenda chini: mbingu, milima, mashamba. Nyumba, watu na mifugo vilikuja mwisho. Mara nyingi alikuwa na picha kadhaa mkononi kwa wakati mmoja.

Wala hakuwa akichora tu alichokiona dirishani. Matrekta na nguzo za simu alivifahamu, akaviacha nje makusudi. Alitaka shamba la ujana wake. Alikuwa pia akikata picha kwenye magazeti na kadi, anaziweka, halafu anafuatisha umbo la farasi au mtu anayemfaa.

Kuhusu umaarufu, haukuja kwa usiku mmoja. Kwenye maonyesho ya wilaya alipeleka jamu na picha. Jamu ndiyo iliyopata zawadi. Mwaka 1938 Louis Caldor, mkusanyaji wa sanaa, aliziona picha zake dirishani mwa duka la dawa huko Hoosick Falls, mji wa jimbo la New York, zikiuzwa dola 3 hadi 5, akazinunua zote. Hata hivyo wenye majumba ya sanaa walisitasita, na onyesho lake la kwanza la peke yake lilifanyika Oktoba 1940. Moja ya picha zake iliuzwa dola milioni 1.2 mwaka 2006, yeye akiwa kaburini tangu 1961.

Dhana inayonichekesha zaidi ni ya bibi mshamba asiyejua biashara. Huyu aliwahi kuuza siagi na krispi za viazi alipokuwa akiishi jimbo la Virginia! Caldor, baada ya kununua zile za dukani, alipofika nyumbani kwake kutafuta nyingine hakumkuta, na mkwewe akamwambia zipo picha kumi. Bibi aliporudi akahesabu, akapata tisa. Akachukua iliyo kubwa, akaikata katikati, na mnunuzi aliporejea kesho yake akazikuta kumi zake zimetimia.