Saa ya faiwali na saa ya seva: uchague programu gani?

Kuna siku niliweka logi (kumbukumbu za matukio) mbili ubavu kwa ubavu. Faiwali iliandika kwamba mgeni ameingia saa 02:14. Seva nayo iliandika kwamba nywila imeanza kujaribiwa saa 02:10. Mwizi ameiba kabla hajafika mlangoni! Tulihangaika nusu siku ndipo tukagundua kuwa saa ya seva imechelewa dakika tano. Kwa kawaida Kerberos, itifaki ya kuthibitisha watumiaji wanapoingia, nayo huvumilia tofauti isiyozidi dakika hizohizo tano. Ikizidi hapo, watu hawaingii kwenye mifumo, na kila mtu analaumu nywila.

Dawa ni programu inayosawazisha saa ya mashine kupitia mtandao, kwa itifaki iitwayo NTP. Kabla ya kuichagua, jiulize: mashine hii inauliza saa tu, au itawapa na wengine? Seva ya Linux inayouliza tu inaweza kutosheka na systemd-timesyncd. Ni nyepesi na haijibu maswali ya wageni. Kasoro yake ni kwamba inafuata chanzo kimoja kwa wakati, kwa hiyo kikidanganya, nayo inadanganyika.

Mimi huanza na chrony. Inalinganisha vyanzo vingi, inastahimili mtandao unaokatika na mashine pepe ambazo saa yake hurukaruka, na haimpi mtu saa mpaka uandike allow kwenye mipangilio yake. Tangu toleo 4.0 la mwaka 2020 inatumia pia NTS, nyongeza ya usalama ya NTP inayothibitisha kwamba jibu limetoka kwa seva uliyoiuliza kweli.

ntpd ndiye mzee wa ukoo, aliyetokana na kazi ya David Mills, aliyetoa maelezo ya kwanza ya NTP mwaka 1985. Bado utaikuta ndani ya faiwali nyingi, na si mbaya, ila angalia toleo. Kabla ya 4.2.7p26 ilijibu swali la monlist kwa kutaja hadi wateja 600 wa karibuni. Swali dogo, jibu kubwa: mwaka 2014 wavamizi waliuliza kwa anwani za kughushi, na mafuriko ya majibu yakawaangukia wengine. Kama huwezi kusasisha, weka noquery kwenye mipangilio yake ili isijibu maswali ya namna hiyo.

OpenNTPD ya mradi wa mfumo endeshi wa OpenBSD ina msimbo mdogo na inaweza kuhakiki saa kupitia HTTPS. Usahihi wake ni mdogo kuliko wa chrony, lakini kwa logi unatosha.

Programu yoyote utakayoweka, ipe vyanzo vinne. Viwili vikipingana hutajua mkweli ni yupi. Faiwali ikigawa saa, igawe upande wa ndani tu.

Kisha, kama umechagua chrony, andika chronyc sources. Alama ya nyota inaonyesha chanzo kinachofuatwa. Kwenye safu ya Reach, 377 maana yake maswali manane ya mwisho yote yamejibiwa. Ikibaki 0 kwa kila chanzo, kagua kwanza kama faiwali yako mwenyewe imezuia UDP poti 123 kwenda nje.